Kutoka tepu za LTO hadi tepu pepe: kuhamisha bekapu ya kampuni bila kuruka usiku hata mmoja

Anza na draivu ya zamani, mashine inayosoma na kuandika tepu za LTO (tepu za sumaku za kuhifadhia data): usiiuze. Draivu mpya zaidi ya LTO-8 husoma tepu za vizazi vya LTO-7 na LTO-8 tu, kwa hiyo tepu za LTO-6 zilizojaa kabatini zitakuwa plastiki tupu siku utakapozihitaji. Draivu hiyo ibaki inafanya kazi hadi tepu zote za kizazi chake zimenakiliwa au zimemaliza muda wa kutunzwa.

Maktaba pepe ya tepu ni mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya seva halisi) inayojifanya roboti ya kubadilisha tepu na draivu zake. Programu yako ya bekapu huona tepu zilezile ilizozoea, na ratiba na sera zako hubaki zilivyo. Hapa tunatumia Tape Gateway ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon; inafanya kazi juu ya VMware ESXi, Hyper-V au KVM, ambazo ni programu za kuendeshea mashine pepe. Ipe prosesa pepe 4, memori ya GB 16 na diski ya GB 80 kwa ajili ya mfumo. Ongeza diski mbili za data, moja ya kache (data za karibuni za kusomwa haraka) na nyingine ya bafa ya kupandishia (data zinazosubiri kupanda AWS), kila moja isipungue GiB 150.

Kiwango hicho cha chini ndicho kinachoponza wengi. Piga hesabu ya bafa hivi: chukua kasi ya kuandika bekapu, toa kasi ya laini ya kupandisha, kisha zidisha kwa sekunde za kuandika. Tuseme seva zako zinaandika MB 40 kwa sekunde kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku. Laini ya Mbps 100 (megabiti, nane kwa kila MB) hupandisha MB 12.5 kwa sekunde, tena kama hakuna mwingine anayeitumia. Tofauti ni MB 27.5, mara sekunde 14,400 unapata karibu GB 400. Weka bafa ya GB 500 na kache ya GB 550, kwa sababu kache inatakiwa iwe angalau mara 1.1 ya bafa. Bafa ikijaa, uandishi hushuka hadi kasi ya laini na kazi ya saa nne inafika asubuhi.

Angalia pia kinachofuata saa sita usiku. Zile GB 400 zilizobaki zinahitaji karibu saa 9 kupanda, maana yake hadi saa tatu asubuhi, wafanyakazi wakiwa wameshaingia na wanalalamika intaneti nzito. Weka kikomo cha kasi kwa ratiba ndani ya Tape Gateway yenyewe, au ongeza laini. Kama hesabu haifungi kabla ya bekapu ya usiku unaofuata, usihamie bado.

Diski za data zitengewe nafasi yote tangu mwanzo, na kache isikae kwenye diski halisi moja na bafa. Saa ya mashine ioane na saa ya seva mama inayoiendesha. Ikipishana, uwashaji hukwama. Usiichukulie mashine hii snapshoti (nakala ya hali yake ya wakati huo) wala kuinakili kama seva nyingine, kwani haikubali kurudishwa kwa njia hiyo.

Unapoiwasha utachagua aina ya roboti, kwa mfano AWS-Gateway-VTL au STK-L700. Soma kwanza orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na programu yako ya bekapu. Kisha, kwenye seva ya bekapu, unganisha iSCSI, njia ya kufikia diski na tepu kupitia mtandao, kwa poti 3260. Utaona vifaa 11: draivu 10 na roboti 1. Weka nywila za CHAP (uthibitisho wa miunganiko ya iSCSI), na hakikisha miunganiko inajirudi yenyewe seva ikizimwa na kuwashwa. Hatua hiyo ikisahaulika, umeme ukikatika usiku bekapu ya kesho haiandikwi popote.

Tengeneza tepu za GiB 100 hadi TiB 15. Usitengeneze za TiB 15 kwa kupenda ukubwa. Misimbo pau haitumiki mara mbili, hata tepu ikifutwa, basi panga herufi za mwanzo kwa busara.

Programu ikitoa tepu kwenye roboti, tepu huenda kwenye hifadhi ya muda mrefu ya AWS, ya aina moja kati ya mbili. Kuirudisha huchukua saa 3 hadi 5 kutoka Glacier Flexible Retrieval, na hadi saa 12 kutoka Deep Archive, nayo hurudi ikiwa ya kusomwa tu. Kufuli ya muda inayozuia ufutaji hufanya kazi kwenye tepu zilizokwisha kuhifadhiwa huko peke yake, kwa hiyo tepu inayokaa siku nyingi kwenye roboti bado iko wazi kwa mshambuliaji aliyeingia na akaunti ya msimamizi. Toa tepu kila bekapu inapokamilika, na akaunti hiyo isiwe ile mnayoingilia kazini kila siku.

Data za wateja zikivuka mpaka, pitia kwanza Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kwa Kenya, au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa Tanzania.

Endesha tepu halisi na pepe sambamba kwa mzunguko mzima, mwisho wa mwezi ukiwemo. Halafu vuta tepu moja iliyohifadhiwa, rudisha hifadhidata yake kwenye mashine iliyotengwa na mtandao, iwashe, na uhesabu safu mlalo za jedwali kubwa kuliko yote. Andika ilichukua saa ngapi, tangu ulipoomba tepu hadi hesabu ilipolingana. Saa hizo ndizo unazompa mkurugenzi anapouliza mfumo utarudi lini.