Nyayo kwanza, pumzi baadaye

Mwambie mgeni wa yoga avute pumzi ndefu, utaona mabega yanapanda kuelekea masikioni na tumbo linaingia ndani. Ndiyo maana darasani kwangu hatugusi pumzi kabla nyayo hazijatulia.

Hatua ya 1. Simama peku kwenye mkeka, miguu iachane kwa upana wa nyonga. Huu ni mkao wa Tadasana, yaani mlima. Usikimbilie kunyoosha mgongo. Yumba taratibu mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto, huku ukipunguza kidogo kidogo, mpaka uzito ugawanyike kati ya kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho. Sasa inua vidole vyote vya miguu, visigino vibaki chini. Unahisi upinde wa unyayo unavyopanda? Ubakishe hivyo hivyo, ushushe vidole kimoja kimoja. Vikianza kuukwaruza mkeka kama kucha za kuku, vinyanyue uanze tena.

Hatua ya 2. Legeza magoti kidogo. Basi.

Hatua ya 3. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine juu kidogo ya kitovu. Anza kwa kutoa pumzi, siyo kuvuta. Itoe yote puani bila haraka, kisha ngoja: inayofuata itaingia yenyewe. Kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, kikishuka husukuma viungo vya tumboni, kwa hiyo mkono wa chini ndio utangulie kuinuka. Ukitangulia wa kifuani, rudi kwenye kutoa.

Hatua ya 4. Ingiza pumzi kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6. Tunarefusha kutoa kwa sababu hapo ndipo mapigo ya moyo hupungua kasi. Ukihesabu kwa sekunde, unapata pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Ikikuelemea, tumia 3 na 4. Mimi nilipoanza nilikuwa mbishi, nikavuta hewa kwa pupa hadi vidole vikafa ganzi na kichwa kikazunguka. Nilikuwa nimeipunguza mno kaboni dayoksaidi mwilini. Yakikupata hayo, acha kuhesabu, keti, upumue kawaida. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu wasibane pumzi kabisa. Na kama kufumba macho kunakutia wasiwasi, yaache wazi, uangalie sehemu moja sakafuni.

Hatua ya 5. Baada ya mizunguko kama 10, inua mikono ukiingiza pumzi, ishushe ukitoa. Pumzi itangulie kidogo, mkono uifuate. Fanya mara 5.

Mara ya tatu hivi, akili itakuwa imeshahamia mikononi. Chungulia vidole vya miguu: huenda vimeshaanza kukwaruza mkeka tena.