Cairo hadi Alexandria: piga hesabu mlango kwa mlango

Ukipima angani, Cairo na Alexandria zimeachana kilomita 180 hivi. Reli ina kilomita 208, barabara ya jangwani karibu 220. Kwa gari weka saa mbili na nusu hadi tatu. Treni ya haraka hutumia kama saa mbili na nusu. Wengi huishia hapo, kisha wanashangaa kufika wamechelewa.

Kinachosahaulika ni Cairo yenyewe. Barabara ya jangwani huanzia upande wa Giza, magharibi mwa Nile. Ukitokea uwanja wa ndege au Nasr City, ilipo kampasi kubwa ya Al-Azhar, inabidi kwanza ulivuke jiji zima. Ongeza saa nzima. Jioni ya kazi, zaidi. Kwa treni ni nafuu: panda metro hadi kituo cha Al-Shohadaa, ukipanda ngazi umetokea stesheni ya Ramses.

Angalia siku. Wikendi ya Misri ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo kiangazi watu humiminika baharini Alhamisi alasiri na kurudi Jumamosi jioni. Nyakati hizo kata tiketi ya treni siku kadhaa kabla, usitegemee dirishani. Majira ya baridi tatizo ni ukungu wa alfajiri jangwani: ukizidi, polisi huifunga barabara mpaka jua lipande. Mwenye miadi ya asubuhi Alexandria apande treni, au alale huko huko.

Ipo pia barabara ya zamani ya mashambani, inayopita Benha, Tanta na Damanhur. Ina miji, matrekta na vivuko vingi. Usiichague kama huna shughuli njiani.

Tiketi huwaponza wengi. Namba za behewa na kiti zinaweza kuwa za Kiarabu: ٥ ni tano, ingawa inafanana na sifuri yetu, ٦ ni sita, si saba, sifuri yenyewe ni nukta, ٠. Namba husomwa kutoka kushoto hata kama maneno yanatoka kulia, kwa hiyo ٢٥ ni ishirini na tano. Na saa: 08:00 ni saa mbili asubuhi yetu. Ukiisoma saa nane kwa mazoea, treni itakuwa imeshafika Alexandria ukiwa bado unakula chakula cha mchana. Kiangazi Misri ina saa sawa na Nairobi na Dar es Salaam; tangu mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Aprili iko nyuma kwa saa moja. Simu uliyoizuia isijibadilishe saa yenyewe itakudanganya.

Mikrobasi ni kama daladala: haiondoki mpaka ijae. Ikiwa na watu wanne tu, muda wa kusubiri ni sehemu ya safari, uandike.

Ukikaribia Alexandria, treni husimama kwanza Sidi Gaber, halafu stesheni ya mwisho, Mahattat Misr. Anayekwenda Smouha, Stanley au Montaza ashuke Sidi Gaber. Wa Manshiyya, Mahattat al-Raml na ngome ya Qaitbay abaki kitini. Sidi Gaber treni haikai sana, basi sogeza mizigo mlangoni mapema.