Kununua ploti Kenya msimu wa uchaguzi: soma historia ya hati kabla ya kufurahia bei

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Siku hiyo inapokaribia, wanunuzi hukunja mikono wakingoja matokeo, na muuzaji mwenye shida ya pesa hupunguza bei. Wengi hudhani siasa huigusa ardhi kwa njia hiyo tu. Lakini bei hushuka ikapanda tena. Hati ndiyo yenye hatari ya kudumu: ardhi iliyogawiwa kama zawadi na serikali moja huja kuhojiwa na nyingine, na atakayehojiwa ni wewe uliyeinunua, si aliyezawadiwa.

KANU ilipoondoka madarakani mwishoni mwa 2002, Tume ya Ndung'u ilichunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kupendekeza hati nyingi zifutwe. Katiba ya 2010, ibara ya 40(6), ikaondoa ulinzi kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Kisha Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilitazama ploti ya ufuoni iliyogawiwa kwanza Rais Daniel arap Moi mwaka 1989. Kampuni hiyo ilikuwa imenunua na hati ilikuwa nayo, lakini ikapoteza, kwa sababu ugawaji wa mwanzo haukufuata utaratibu. Nia njema ya mnunuzi haikutosha.

Kwa hiyo upekuzi rasmi, iwe ni kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, au kwenye masijala ya ardhi, ni hatua ya kwanza tu. Unakuonyesha mwenye ardhi leo na madeni yaliyoandikishwa. Mwagize wakili apate nakala ya rejista yote, ile kadi ya kijani, aisome kuanzia ingizo la kwanza. Kama ardhi ilikuwa ya serikali au ya kaunti, dai barua ya mgao, ramani ya mpango iliyoidhinishwa kabla ya mgao huo, na risiti za malipo yaliyotakiwa. Ukikuta ploti iligawiwa karibu na uchaguzi kisha ikauzwa haraka kwa kampuni, au imepakana na shule, msitu, barabara au ufuo, simama hapo mpaka upate maelezo yenye karatasi. Na anayekuuzia barua ya mgao peke yake hana ardhi ya kukuuzia: katika kesi ya Torino Enterprises, Septemba 2023, Mahakama hiyo hiyo ilisema barua hiyo ni ofa tu inayosubiri masharti yatimizwe, haihamishi umiliki.

Halafu nenda shambani na mpima mwenye leseni, mkiwa na ramani. Athibitishe bikoni zote, yaani alama za mipaka. Waulize wazee jirani palikuwa nini zamani. Ukiambiwa palikuwa uwanja wa mpira wa kijiji, swali hilo lirudishe kwa wakili kabla hujatoa hata shilingi.

Mkataba ndio unaoharibikia watu wengi msimu huu. Malipo ya awali kwa kawaida ni asilimia 10. Yakae kwa wakili, yasiingie mfukoni mwa muuzaji. Siku 90 za kukamilisha, zilizozoeleka, hazitoshi. Mwaka 2017 uchaguzi wa urais ulifutwa tarehe 1 Septemba ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, na nchi ilikaa kwenye wasiwasi muda wote huo. Andikeni kwamba siku ambazo ofisi za ardhi zimefungwa hazihesabiwi.

Kwa shamba la kilimo kuna mtego zaidi. Idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi lazima iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Isipopatikana, mauzo ni batili, na kwa kawaida unachoweza kudai ni pesa zako, si shamba. Mwenyekiti wa bodi ni naibu kamishna wa kaunti, ambaye ndiye pia anashughulikia usalama eneo hilo, kwa hiyo vikao huahirishwa. Peleka ombi wiki ile ile ya kutia sahihi. Siku hizo hizo omba zuio (caution) liandikwe kwenye rejista, ili muuzaji asimuuzie mwingine mnaposubiri.

Usinunue kwa mtu anayekimbia. Ghasia za 2007 na 2008 zilihamisha watu zaidi ya 600,000, na mkataba uliotiwa sahihi kwa hofu unaweza kubatilishwa mahakamani. Hiyo ni sheria, lakini hata bila sheria ni dhuluma.

Mwisho, hesabu za pesa. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na hukadiriwa kwa thamani anayoitoa mthamini wa serikali. Bei ya kutupa haitakupunguzia. Hati ikitoka kwa jina lako, fanya upekuzi mwingine siku hiyo hiyo, kabla wakili hajaachilia pesa zilizobaki.