Siku 90 za nani? Kufuatilia uhalali wa rubani mwenye leseni zaidi ya moja

Marubani wengi wa Kitanzania wamesomea nje: Afrika Kusini, Marekani, wengine Ulaya. Wanarudi na leseni ya huko, wanaongeza ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, na tangu hapo kila leseni inakuwa na masharti yake ya uzoefu wa karibuni, kwa kawaida kupaa na kutua mara kadhaa ndani ya siku 90 kabla ya kubeba abiria. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna la ziada, nalo ni mvua. Kati ya Novemba na Aprili mawingu yanaweza kukalia milima ya Mbeya na Njombe siku mfululizo, safari zinaahirishwa, na siku 90 zinayoyoma huku unasubiri anga lifunguke.

Mwongozo huu ni kwa rubani anayetunza kumbukumbu zake mwenyewe, na kwa aliyepewa ofisini kazi ya kufuatilia za wenzake. Unahitaji logibuku (kitabu cha kumbukumbu za safari zako), Excel au Google Sheets, na jioni moja isiyo na haraka.

Kabla hujafungua kompyuta, shika jambo moja: usiandike kamwe kwenye shiti kwamba fulani "yuko halali". Andika kilichotokea, kila kutua peke yake, kisha iache kila kanuni iulize swali lake. Uhalali ni jibu, na jibu hilo hubadilika kwa siku, kwa ndege na kwa abiria uliowapakia.

Hatua ya 1: Anza na mkia wa ndege

Herufi za usajili zilizoandikwa mkiani zinaonyesha nchi: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 7Q Malawi, 9J Zambia, ZS Afrika Kusini, N Marekani. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinataka rubani wa ndege inayovuka mipaka awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi ilikosajiliwa ndege hiyo. Kwa hiyo ukiruka 5H kutoka Songwe, uwanja wa Mbeya, kwenda Lilongwe, usajili wa Tanzania ndio unaoamua leseni ipi inatumika.

Hilo halina maana kwamba safari za 5H hazina faida kwa leseni yako ya Marekani. Kanuni ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani), 61.57, inauliza kundi (mfano ndege au helikopta) na daraja (mfano injini moja au nyingi) la ndege uliyotua nayo. Haiulizi imesajiliwa wapi. Safari moja inaweza kulisha leseni mbili, mradi umeiandika vizuri.

Hatua ya 2: Andika masharti kwa lugha yako

Fungua shiti ya kwanza, iite KANUNI. Usinakili maandishi ya kisheria; andika ulichoelewa, na pembeni weka namba ya kanuni na tarehe uliyoisoma. Yangu inasomeka hivi:

FAA, abiria mchana: kupaa mara 3 na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizotangulia, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika usukani, kundi na daraja lile lile, na aina ile ile kama ndege inadai reitingi ya aina, yaani kibali cha aina hiyo ya ndege pekee. Ndege ya gurudumu la mkia lazima isimame kabisa kila inapotua.

FAA, abiria usiku: mara 3 tena, kila kutua hadi kusimama kabisa.

FAA, kuruka kwa vifaa (bila kutegemea kuona nje): mikaribio 6 (kukaribia uwanja kwa kufuata vifaa), kuzunguka kwenye kituo cha kusubiri, na kukamata na kufuata njia za redio, vyote ndani ya miezi 6 ya kalenda kabla ya mwezi wa safari.

FAA, mapitio ya rubani: kila miezi 24 ya kalenda, angalau saa 1 darasani na saa 1 angani.

EASA (mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya), abiria: kupaa, kukaribia na kutua mara 3 ndani ya siku 90, kwa aina au daraja lile lile. Usiku: angalau mara 1, au uwe na reitingi ya vifaa iliyo hai.

EASA, reitingi ya ndege ndogo za injini moja ya pistoni: inadumu miaka 2. Ukitaka kuihuisha kwa uzoefu unahitaji saa 12, zikiwemo 6 kama rubani kiongozi, kupaa 12, kutua 12, na mafunzo ya angalau saa 1 na mwalimu. Hizi zote huhesabiwa katika miezi 12 ya mwisho kabla ya reitingi kuisha. Hapa watu wengi huumia: wanaruka sana mwaka wa kwanza, wanatulia wa pili, wakidhani akiba ipo. Haipo.

Kwa Tanzania, jaza mstari wako kutoka nakala ya kanuni za TCAA inayotumika sasa na kutoka kitabu cha uendeshaji cha kampuni, ambacho mara nyingi kinabana zaidi. Msingi wake utaujua, maana Kiambatisho cha 6 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka rubani wa usafiri wa biashara awe amepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 kwa aina ile ile ya ndege.

Hatua ya 3: Mstari mmoja, kutua kumoja

Shiti ya pili iite KUTUA. Ukifanya mizunguko minne (kupaa, kuzunguka uwanja na kutua) Nduli, uwanja wa Iringa, andika mistari minne. Inachosha, lakini fomula za baadaye zinategemea hilo. Safu zangu, kuanzia A: tarehe ya UTC (saa ya kimataifa, saa 3 nyuma ya yetu), saa ya UTC, usajili, aina, daraja la FAA, daraja la EASA, uwanja, nani alishika usukani, ilisimama kabisa au la, na machweo ya siku hiyo kwa UTC. Fungua nyingine kama hiyo, iite KUPAA.

Usichanganye saa. Sisi tunasema saa 1 usiku, saa ya ukutani inaonyesha 19:00, logibuku inataka 16:00 UTC. Chagua UTC kila mahali. Ng'ambo ya mpaka, Malawi na Zambia ziko saa moja nyuma yetu, na rekodi ya saa za nyumbani itakuvuruga siku ya kwanza tu.

Hatua ya 4: Jaribu kwa Cessna 172 na Caravan

Tuseme mwezi huu umetua mara 3 kwa Cessna 172, na kesho umepangiwa Caravan, C208, kupeleka wageni Ruaha. Umetimiza?

Kwa FAA, ndiyo. Zote mbili ni ndege za nchi kavu za injini moja, na Caravan haidai reitingi ya aina. Kwa EASA, hapana: 172 iko daraja la pistoni, Caravan ina injini ya tabini na imewekwa kwenye daraja jingine. Kwa kipimo cha ICAO cha usafiri wa biashara, hapana pia, kwa sababu aina ni tofauti. Rubani ni yule yule, uwanja ule ule, majibu tofauti. Ndiyo maana nimetenga safu tatu, ya aina, ya daraja la FAA na ya daraja la EASA, na sikubali mtu aziunganishe ili shiti ipendeze.

Hatua ya 5: Usiku unaanza saa ngapi?

Chukua siku ambayo jua linazama Mbeya saa 12:40 jioni. Utusitusi unakwisha kama dakika 22 baadaye, jua likiwa nyuzi 6 chini ya upeo. Umetua Songwe saa 1:20 usiku. Kwa EASA huo ni usiku tayari. Kwa FAA unaweza kuandika muda wa usiku kwenye logibuku, lakini kutua huko hakuhesabiki kwa sharti la kubeba abiria usiku, kwa kuwa dirisha lake linafunguka saa nzima baada ya machweo, yaani saa 1:40, na linafungwa saa moja kabla ya jua kuchomoza. Hiyo ndiyo kazi ya safu ya machweo. Ukiandika "usiku: ndiyo" peke yake, umeshapoteza habari unayoihitaji.

Hatua ya 6: Fomula

Kinachotafutwa ni tarehe ya kutua kwa tatu ukihesabu kurudi nyuma:

=LARGE(FILTER(A2:A2000,(D2:D2000="C208")*(H2:H2000="mimi")),3)+90

Fanya vivyo hivyo kwenye KUPAA, kisha chukua tarehe iliyo karibu zaidi kwa MIN. Ukitua mara 3 tarehe 2 Machi, jibu ni 31 Mei. Anayehesabu "miezi mitatu" kwa vidole atafika 2 Juni, naye atakuwa amebeba abiria bila ruhusa.

Kwa vifaa vya FAA tumia mwisho wa mwezi, kwenye orodha ya tarehe za mikaribio:

=EOMONTH(LARGE(orodha,6),6)

Mkaribio wa 10 Januari utakulinda hadi 31 Julai. Mapitio ya rubani: =EOMONTH(tarehe,24).

Hatua ya 7: Rangi, na la kufanya ikiisha

Weka njano siku 30 kabla, nyekundu siku 7 kabla. Masika, mimi naweka njano siku 45 kabla, kwa sababu wiki mbili za ukungu ni jambo la kawaida huku.

Siku 90 zikipita, leseni haijafa. Kwa FAA na EASA unaweza kwenda peke yako, bila abiria hata mmoja, ukarudisha mizunguko yako. Kwa vifaa vya FAA, ukishapoteza sifa una miezi 6 ya kuirudisha kwa mazoezi. Ikipita hiyo lazima upimwe na mwalimu au mtahini anayetambulika.

Ninaongeza safu moja ambayo hakuna kanuni inayoidai: kimo cha uwanja. Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, Nduli zaidi ya 1,400. Mtu aliyetua mara 3 Dar es Salaam ametimiza karatasi, lakini mchana wa joto Iringa ndege iliyojaa itakula njia ndefu kuliko alivyozoea. Nikiona safu hiyo haina kiwanja cha juu ndani ya siku 90, namwomba mwenzangu apige mizunguko miwili Nduli ndege ikiwa tupu, asubuhi, kabla sijampangia wageni.