Alfajiri Shela: tazama mwezi kabla ya saa

Wanaotaka kujiunga na matembezi yetu ya kutazama jua likichomoza kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, wameniuliza mambo mengi, basi naandika somo zima hapa. Maswali yenu nimeyajibu chini.

Hatua ya kwanza: siku

Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi nilikosea kabla yenu. Kutoka Lamu mjini hadi Shela kwa njia ya ufukweni ni kama kilomita 3, mwendo wa dakika arobaini hivi. Lakini maji yakijaa, mahali pengine njia humezwa. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huku pwani kwetu maji hujaa mnamo saa 10 au 11 alfajiri, wakati uleule mnaotaka kupita.

Mwaka jana nilitamani mbalamwezi, nikawatoa watu kumi na wanne usiku wa mwezi mpevu. Mbalamwezi tuliipata. Na maji tuliyapata, hadi magotini, viatu mkono huu, simu mkono ule, na mama mmoja akinisomea kila jina isipokuwa langu.

Tangu hapo natazama kalenda ya Kiislamu: tarehe 21 hadi 23 za mwezi. Siku hizo ni za maji mafu, yaani yasiyojaa sana wala kupwa sana, na alfajiri huwa yamekupwa. Mwezi nao umetoka usiku wa manane, kwa hiyo mkiwa njiani uko juu ya vichwa vyenu, nusu, lakini unatosha. Njia kavu, taa ya bure.

Hatua ya pili: saa

Lamu jua halichezi mbali. Mapema Novemba huchomoza mnamo saa 11:55, na Februari huchelewa hadi kama saa 12:25. Ila huku karibu na ikweta mapambazuko hayakawii. Tangu uanze kuona vidole vya miguu yako hadi jua litoke ni kama dakika ishirini tu. Kwa hiyo tunakutana mbele ya Ngome ya Lamu saa 10:15, tunaondoka saa 10:30, aliyefika kafika, aliyekosa kakosa. Alfajiri tunaisali Shela, kisha tunaelekea ufukweni.

Hatua ya tatu: njiani

Mmoja anayeijua njia atangulie, mwingine awe wa mwisho kabisa asimpite mtu. Tochi zielekezwe chini. Mkikutana na punda, mpisheni. Yeye ndiye mwenye njia. Tukifika Shela tunahesabiana.

Hatua ya nne: vilimani

Tukishapita kona ya hoteli ya Peponi, tembeeni kwenye mchanga uliolowa, ni mgumu na hauchoshi. Baada ya robo saa hivi tunapanda. Mtanga mkavu, kama tunavyouita Kiamu, hukurudisha nyuma kila hatua. Panda kimshazari, usikabili kilima kifua mbele. Msikanyage mimea wala msiache hata ganda la chungwa. Chini ya vilima vile ndiko yaliko maji matamu tunayokunywa mjini.

Mahali pa kutazama? Disemba jua hutokea baharini wazi. Juni husogea kaskazini, likatokea upande wa kisiwa cha Manda. Mimi nalipenda la Disemba.

Viatu: ndara zinatosha. Maji chupa moja kila mtu. Mahamri na mbaazi tutakula Shela tukirudi, msije na sufuria.

Maswali yenu

*Dada, tukikosa siku ya maji mafu, tuahirishe?*
Si lazima. Chukueni boti hadi Shela, ila mpatane na nahodha tangu jioni, bei na saa. Alfajiri hutampata mtu gatini.

*Mwanangu, mimi goti langu halinipi raha. Nitaweza?*
Shikamoo mama. Njoo kwa boti, na kilimani usipande. Kaa ufukweni na mkeka wako. Jua utaliona vilevile, tena bila kuhema.

*Ni kweli kule vilimani kuna mifupa ya watu?*
Ilikuwa ikionekana, ndiyo. Vita vya Shela vilipiganwa mnamo 1812, watu wa Lamu wakawashinda Wamazrui wa Mombasa pamoja na Wapate. Wazee husimulia kwamba walioshindwa walikimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Hata wao hawakutazama mwezi! Ukiona mfupa, usiuguse.

*Dada, je, mawingu yakitanda?*
Tutakula mahamri mapema.

*Naweza kuja na mwanangu wa miaka sita?*
Karibu naye, lakini wewe ndiye utakayembeba wakati wa kurudi. Tunaondoka Shela kabla ya saa 2, jua halijaanza kuchoma.