Jinsi ya kutafuta bomba lililofukiwa kwa rada ya ardhini

Huku Nyanda za Juu Kusini wateja wa rada ni wa aina mbili. Mmoja ana kiwanja Uyole na anataka kujua bomba la zamani limepita wapi kabla hajachimba msingi. Mwingine kaambiwa na wazee kwamba Mjerumani alifukia rupia mahali fulani. Huyu wa pili mweleze mapema: rada haitambui dhahabu, na sarafu moja iliyo mita moja chini haitaonekana. Inachoonyesha ni pale ardhi inapobadilika ghafla. Mwongozo huu ni wa mwenye bomba.

Hatua ya 1: Udongo kwanza

Rada hurusha mawimbi ya redio ardhini na kupokea yanayorudi. Mchanga mkavu huyapitisha vizuri, mfinyanzi uliolowa huyameza. Kwa hiyo kazi ya Tukuyu usiipange Machi wala Aprili, subiri kiangazi, Juni hadi Oktoba. Ukifika kiwanjani chukua udongo, uviringe kiganjani. Ukitoka uzi mrefu usiokatika, mwambie mteja hapohapo kwamba huenda msione chochote chini ya mita moja. Afadhali anune sasa kuliko baada ya kulipa.

Hatua ya 2: Antena

Antena huuzwa kwa megahezi, yaani mawimbi yake yanatetema mara ngapi milioni kwa sekunde. Megahezi 400 zinatosha kwa mabomba mengi, hadi mita 2 hivi kwenye udongo mzuri. Kwa kina zaidi shuka hadi 200, ila ujue vitu vidogo vitapotea. Za 900 waachie wanaotafuta nondo kwenye zege.

Hatua ya 3: Mistari

Fyeka nyasi, maana antena ikining'inia mawimbi mengi hayaingii ardhini. Piga vigingi, vuta kamba, weka mistari kila nusu mita, ikikatisha upande unaodhani bomba limelalia. Ukitembea sambamba na bomba, juu yake kabisa, utaona mstari mlalo tu na utadhani ni tabaka la udongo. Kabla ya kuanza, sukuma toroli linalobeba antena mita 10 kwenye tepu na uhakikishe mashine nayo inasoma 10.

Hatua ya 4: Kusoma picha

Hapa ndipo kazi ilipo. Usitegemee kuona umbo la bomba kwenye skrini. Utaona upinde, kilele juu, miguu ikishuka pande zote mbili. Mawimbi hutawanyika mbele na nyuma, hivyo antena hulipata bomba kabla haijafika juu yake, umbali ukiwa bado mrefu. Ukisogea umbali unapungua, ukipita unaongezeka tena. Kilele ndiyo sehemu ya kuweka alama.

Tatizo la Iringa ni mawe. Jiwe la granite lililozikwa hutoa upinde uleule, mzuri kabisa, wa kukutia tamaa. Linganisha mistari: bomba litajitokeza kwenye mstari wa pili, wa tatu, wa nne, vilele vikifuatana. Jiwe hutokea kwenye mmoja au miwili, kisha kimya. Upinde mpana kupita kiasi nao uutilie shaka. Tazama juu, pengine kuna waya wa umeme au uzio wa mabati.

Kwenye picha chuma hung'aa, mara nyingi na mwangwi unaojirudia chini yake. Plastiki tupu ni hafifu, ikiwa na maji huonekana vizuri zaidi.

Hatua ya 5: Kina

Mashine hupima muda. Kina unakipata kwa kuzidisha mwendo wa mawimbi kwa muda, kisha unagawa kwa 2, kwa sababu wimbi limekwenda na kurudi. Kwa mwendo wa mita 0.1 kwa nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), muda wa nanosekunde 24 ni mita 1.2. Lakini udongo ukiwa na maji mwendo ukashuka hadi 0.07, muda huohuo ni sentimita 84. Aliyeambiwa 1.2 atalipasua bomba kwa sururu. Pata mwendo kwa kulinganisha upinde wako na ule unaochorwa na programu ya kusomea picha, ukibadilisha mwendo hadi ilingane, na utumie mstari uliokatisha bomba kwa pembe mraba tu. Ukikatisha kimshazari, upinde hupanuka na mwendo hutoka mkubwa kuliko ulivyo.

Hatua ya 6: Shimo la majaribio

Chimba shimo moja kwa koleo, taratibu, kwenye kilele kilicho wazi kuliko vyote. Kama ni eneo la kale, mfano Kalenga au Isimila, usiguse jembe bila kibali cha mambo ya kale. Bomba likionekana, pima kina halisi, rudi kwenye mashine urekebishe mwendo, ndipo upulize rangi mstari mzima na uandike kina kando yake.