Somo: kuchapa nembo kwenye mkanda wa ngozi, kisha kutoboa

Wadau, hapa karakana, Majengo, Moshi, swali ni lilelile: mbona nembo inafutika baada ya mwezi? Mara nyingi mashine haina kosa. Tatizo ni ngozi.

1. Ijue ngozi yako. Kata kipande utazame ukingo. Ukiona ubuluu au ukijivu katikati, imesindikwa kwa kromu; ibane mpaka uchoke, itavimba tena irudi ilivyokuwa. Iliyosindikwa kwa magome, ya miwati kwa mfano, ina ukingo wa kahawia, na ikilowa kidogo hushika alama kama udongo wa mfinyanzi.

2. Dai ya shaba, yaani kipande cha chuma kilichochongwa nembo, ichongwe kinyume, kama muhuri. Mimi niliwahi kusahau, na mikanda 12 ya mteja ikasomeka kwenye kioo tu. Nimeikatakata ikawa vishikio vya funguo.

3. Pitisha sifongo yenye maji upande wa juu, kisha subiri. Watu wengi hawasubiri. Rangi ikianza kurudi ilivyokuwa lakini ngozi bado ni ya baridi ukiigusisha shavuni, hapo ndipo. Ikiwa bado inameta maji, alama itatoka imefura.

4. Shusha wenzo wa presi, mashine inayoikandamiza dai kwenye ngozi, taratibu, ushikilie kama sekunde 10. Nyuzi za ngozi zinahitaji muda wa kulala. Ukibana na kuachia papo hapo zinainuka. Presi ya moto ni habari nyingine: ngozi iwe kavu, anza nyuzi joto 90, jaribu kwenye kipande cha taka. Maji na moto mkali usichanganye, ngozi itajikunja na kukauka kama kigae.

5. Toboa mwisho. Ukitangulia kutoboa, presi itayavuta matundu yawe mayai.

Maswali ya wanachama

– Shikamoo fundi. Nipo Ngarenaro, Arusha, natengeneza malapa. Sina presi, nyundo itafaa?

Marahaba, binti yangu. Kwa herufi mojamoja, ndiyo, ila tumia nyundo ya mbao na pigo liwe moja. La pili huacha kivuli. Nembo kubwa itakushinda. Mpe mchomeleaji akuundie fremu ya chuma, uweke jeki ya gari. Yangu ya kwanza ilikuwa hiyo.

– Kaka, matundu yangu yana manyoyamanyoya.

Panchi, yaani kibomba cha kutobolea, ni butu, au chini umeweka chuma, kitu kinachoua makali siku moja. Weka ubao wa plastiki wa kukatia nyama. Halafu kagua ndani ya bomba la panchi, vipande vikijaa haikati, inasukuma tu.

– Rekisini je?

Ni plastiki juu ya kitambaa. Joto kidogo inashika, likizidi inayeyuka na kung'ang'ania dai. Mimi siipokei.

– Fundi, kwani msharasi hautoshi kutoboa mkanda?

Msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu, unatenganisha nyuzi, hauondoi kitu, ndiyo maana tundu lake hujifunga na kuubana uzi. Ni wa kushonea. Tundu la mkanda linataka panchi, inayotoa kipande kizima. Pima kwanza unene wa ulimi wa bizimu. Wangu ni milimita 4, natoboa 5, matundu yaachane sentimita 2.5.